Kilichowaua Wanangu

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Donatus, niegemeze ukutani. Suzana, kulia utalia, hakuna atakayekukataza, lakini sasa nataka masikio yako. Na wewe Eunice, mkwe wangu, usikae huko mlangoni kama mgeni. Mlete mwanenu Kamili umlaze hapa kando yangu, maana maneno haya ni yenu kuliko ya mtu mwingine.

Donatus na Suzana, mlizaliwa mkakuta makaburi ya Deogratias, Limi na Wiliam nyuma ya nyumba. Kila mmoja wao alizaliwa mnene, akatambaa, akasimama, akaniita baba. Halafu, wakati wenzake wanaanza kukimbiza kuku, yeye akaanza kuanguka. Miguu ililegea, maneno yakapotea moja moja, mwishowe macho yakabaki wazi lakini hayaoni. Mama yenu Scolastika aliwalisha kwa kidole mpaka siku ya mwisho. Miaka hiyo nilikuwa nachimba Geita, na duara letu, lile shimo tulilochimba kwa mikono, lilitoa dhahabu kidogo, ndiyo iliyonunua shamba hili. Watu wakaona huo ni ushahidi wa kutosha. Wakasema Agapiti anatoa watoto kafara apate mali, na mkewe ndiye anayemsaidia. Mdogo wangu Bujiku, tuliyenyonya ziwa moja, alisimama kwenye msiba wa Wiliam akasema mbele ya watu wote, "Kuanzia leo sina kaka." Mama yenu akifika kisimani, wanawake waliondoka na ndoo tupu. Amekufa katika hali hiyo. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Baba Deo, ni nini kiliwaua wanangu?"

Kisha Kamili naye akaanza kuanguka. Mkampeleka Mwanza, na huko ndiko mlikokutana na Daktari Noela, yule wa magonjwa ya kurithi. Alikuja mwenyewe hapa Ushirombo, akaketi kwenye mkeka, akaniuliza habari za kila mtoto niliyemzika: aliacha kutembea lini, neno gani lilikuwa la mwisho kumtoka. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Akachukua damu yetu sote, akafika mpaka kwa Bujiku. Alisema anatafiti magonjwa adimu ya watoto, na huko Tinde pia kuna familia inayolia kilio kama chetu.

Majibu yalichelewa mpaka nikadhani ametusahau. Aliporudi aliniambia, "Baba, ugonjwa huu uko kwenye vinasaba. Wewe umebeba kasoro, na mama naye aliibeba, lakini wote mlikuwa wazima. Mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama, ndipo anaumwa. Hamkumkosea mtu." Nikamuuliza dawa. Akainamisha kichwa. "Bado, baba. Haijapatikana." Akalia, yule mtoto wa watu, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Jioni ile nilikwenda kaburini kwa Scolastika nikampa jibu lake. Ugonjwa una jina refu la kigeni. Ulimi wangu ulilikataa, nikarudia na kurudia mpaka likatoka lote.

Juzi Bujiku amekuja, mnajua wenyewe. Mlipotoka alisema, "Kaka, na mimi ninayo kasoro hiyo. Wanangu walipona kwa sababu tu niliyemwoa hana." Tulishikana mikono, wazee wawili, tukakaa hivyo. Asitokee mtu wa kumsimanga baada yangu. Akija kunizika, mwacheni awe wa kwanza kuniwekea udongo.

Sasa ninayoyaacha. Shamba la bondeni ni la Suzana. Ng'ombe mtagawana. Nyumba hii ni ya Eunice na Kamili. Donatus, usinitazame hivyo. Shangazi zako wanakunong'oneza umrudishe mke kwao, uoe mwenye tumbo jema. Kasoro aliyo nayo yeye na wewe unayo. Ukitaka kumwacha, utakayetafuta pa kulala ni wewe. Suzana, kabla hujaolewa nenda ukapimwe, pamoja na huyo mchumba wako. Na daktari akirudi kutaka damu tena, mpeni. Haitamponya Kamili, alisema wazi. Labda itamfaa mtoto wa watu ambaye hatutamjua.

Maji... Kidogo tu. Inatosha.

Mnizike kando ya Scolastika. Padre akichelewa, msimgombeze, njia ni mbaya.

Eunice, mayu, mama yangu, najua una mimba. Nimekusikia ukilia jikoni. Daktari amesema huenda akawa mzima, huenda asiwe. Vyovyote atakavyokuja, apigiwe vigelegele. Asipokewe kwa kukaguliwa miguu... Mungu awashike. Awape... awape nguvu za kubebana, nyote, na huyo aliye njiani.

Kamili, nipe mkono. Huo huo. Hunioni, mjukuu wangu, lakini unanisikia, eti? Nikamate vizuri. Babu yupo. Babu bado yupo.