Sauti Iliyovuka Ruvuma Kabla Yangu

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Apewe tena! Nimesimama hapa nikiwa mzee mwenye magoti mabovu, lakini koo langu bado zima, na nimeomba nafasi hii niseme jinsi Mungu alivyonitoa kwenye hofu. Haikuwa hofu ya mchezo. Ilinifunga kama mbuzi kwenye kigingi, na kamba yenyewe ilikuwa fupi.

Jina langu ni Danieli. Nilizaliwa ukingoni mwa Ruvuma, pale mto unapokaribia kuishia, maji yake yakipanda na kushuka kwa kuifuata bahari. Baba yangu alikuwa mvushaji. Alivusha watu, kuku na magunia ya mihogo kwenda upande wa Wareno na kurudi, na kila alipopiga kasia alikuwa anaimba. Watu wa pale walikuwa wakisema, humwoni bado lakini umeshamsikia. Siku moja kiboko aliinuka chini ya mtumbwi wetu. Mimi nilikuwemo, mtoto ambaye hata shule sijaanza. Niling'ang'ania mizizi ya mikoko mpaka watu wakaja kunitoa. Baba hawakumpata.

Baada ya matanga mama alivuka kurudi kwa ndugu zake ng'ambo, akaapa hatakanyaga tena mtumbwi. Mimi nilichukuliwa na mjomba, seremala wa Mikindani, ili nisome. Tangu hapo, ndugu zangu, mto ukawa katikati yetu! Kila likizo mama aliagiza, mleteni mwanangu. Kila likizo mjomba alinipeleka mpaka ukingoni, na kila nilipoyatazama yale maji masikio yaliziba, miguu ikagoma. Mara moja mjomba alijaribu kunibeba begani kama gunia. Nilimng'ata sikio, maskini, mtu aliyenilea! Akaniteremsha, akashika sikio lake, akasema taratibu, "Basi. Twende nyumbani." Mama alikuwa amesimama upande wa pili, mdogo kama punje, tukimwona hivi. Kisha akageuka akaenda zake.

Na hata nilipohamia bweni la shule, usiku niliota maji. Yangekuwa maji ya kutisha ningeyakemea kwa jina la Yesu. Lakini yalikuwa matulivu, ya kijani, yamejaa bwenini polepole, vitanda vinaelea, wenzangu wamelala na nyuso zao zimepoa. Nami nataka kuwaamsha, nafungua kinywa, sauti haitoki.

Mwaka ninaotaka kuwasimulia ni ule nilioingia kwaya ya shule yetu ya sekondari ya misheni, mjini Mtwara. Miaka ile bandari ya pale ilikuwa bado inanukia saruji mpya. Mwezi wa kwanza, mvua ikipiga bati, Mwalimu Luka alitusimamisha mmoja mmoja, akatupima sauti. Mimi aliniweka na wale wadogo wa sauti ya kwanza. Haleluya, nilipata pa kupumzika! Tukiimba, lile darasa lilikuwa kama linanyanyuka kidogo kutoka ardhini. Nilisahau mto, nikasahau hata njaa ya jioni.

Ilipofika Pasaka, katikati ya wimbo, mbele ya kanisa zima, sauti yangu ikapasuka. Ikatoka kama jogoo aliyekabwa! Watu walicheka, na Benedikti, rafiki yangu wa besi aliyekuwa akilala kitanda cha jirani, alicheka mpaka akajificha nyuma ya kitabu. Nilikwenda kwa Mwalimu kumwambia naacha kwaya.

"Huachi," alisema. "Mungu anakubadilishia chombo. Njoo kila siku, ukae, ufunge mdomo, usikilize."

Nikakaa masika yote nikisikiliza. Nawaambia, sijawahi kusikia kama nilivyosikia wakati ule wa kunyamaza. Nilizijua sauti zote nne kama njia nne za kwenda kisima kimoja. Nilikuwa naondoka na wimbo kichwani, naupitisha mtaa wa Rahaleo nikitumwa dukani, nalala nao. Halafu mvua zilipokwisha, mchana mmoja wa jua jipya, nikafungua kinywa bila kufikiri. Kitu kizito kikatoka kifuani, kikatulia: besi! Benedikti aligeuka kutazama nani amesimama nyuma yake.

Kipindi mikorosho inaanza kutoa maua ndipo ukaja mwaliko. Wakristo wa ng'ambo walikuwa wamejenga kanisa la udongo na makuti, wakaomba kwaya yetu ije kuimba siku ya kulifungua. Kijiji chenyewe ni kijiji cha mama yangu! Wenzangu walirukaruka. Mimi niliingia bwenini nikajifunika shuka gubigubi.

Mwalimu Luka alinifuata, nikamweleza yote.

"Sitakulazimisha," alisema. "Panda lori tu. Habari za maji tutaziongelea huko huko kwenye maji."

Tuliondoka alfajiri, tukapita kijiji cha Madimba, mihogo imeanikwa juu ya mawe, myeupe kama mifupa. Kufika ukingoni, tulimkuta mvushaji, Mzee Selemani, mtu aliyejifunza kasia kwa baba yangu. Alinitazama sana, kisha akaanza kuwapanga watu. Mtumbwi wa kwanza walipanda wadogo wa sauti ya kwanza pamoja na besi wengine wote, Benedikti akiwemo, na mpwa wa mzee akiwa na kasia. Mimi nilijificha nyuma ya wa mwisho, nikasema nitapanda safari ya pili. Moyoni nilijua sipandi.

Hawajafika katikati, ukungu ukashuka. Ndugu zangu, mnaujua ukungu wa kipupwe pale mtoni? Ulikuja juu ya maji kama pamba inayofunguliwa, mto ukapotea, mikoko ikapotea, hata miguu yetu hatukuiona vizuri. Kukawa kimya kizuri cha kuogofya, kama ile ndoto yangu. Kisha tukasikia watoto wanaita. Lakini walikuwa wanaita kutoka upande wa bahari.

Mzee Selemani alitega sikio, uso ukabadilika. "Wamekosa njia. Na maji yanatoka kwenda baharini. Wakivutwa mpaka kwenye mlango wa mto, mtumbwi ule hauwezi mawimbi."

Tuliita. Sauti zilitawanyika, hawakujua zinatoka wapi. Mwalimu akasema, "Imbeni! Msiache hata pumzi moja!" Tukaimba. Mzee akatikisa kichwa.

"Sauti hizi nyembamba ukungu unazimeza. Nipeni nzito. Na mtu huyo asogee mbele, kule kwenye fungu la mchanga, ili wamsikie."

Wote walinigeukia. Mwalimu mwenyewe aliimba sauti ya tatu; besi aliyebaki nchi kavu alikuwa mimi peke yangu, na kati ya ukingo na lile fungu palikuwa na maji.

Sikuomba sala ndefu. Nilisema, "Bwana, sina miguu. Nipe yako." Mzee Selemani alitangulia na upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akaninyooshea mkono. "Nishike, mwanangu. Mimi namwita Mola wangu, wewe mwite wako. Ila usiache kuimba."

Nikaingia. Maji yalikuwa baridi, yakanishika vifundo, magoti, kiuno. Masikio yalitaka kuziba, lakini wimbo ulikuwa umeshayajaza! Tulitembea juu ya fungu mpaka ncha yake, tukashuka tena, maji kifuani. Niliimba besi peke yangu, wimbo usio na kichwa, maana wa sauti ya kwanza walikuwa ukunguni, wenzangu nyuma wakiufuata kwa mbali. Sikuona kitu. Palikuwa na weupe tu mbele yangu, na ile sauti ikitoka kwangu ikienda. Sijui niliimba kwa muda gani.

Halafu, kutoka ule weupe, besi nyingine ikaitika. Benedikti! Ilikuwa hafifu, ikakaribia, ikawa na wenzake. Pua ya mtumbwi ikatokeza kando yetu, na mtoto wa mbele akanikumbatia kichwa akilia. Walikuwemo wote. Wote, ndugu zangu! Mungu wetu hakumwacha hata mmoja!

Jua lilipopanda ukungu ukaondoka, mto ukatandaa kama haujafanya lolote. Nilipanda mtumbwi. Nilishika mbao kwa mikono miwili, meno yakigongana, na nikavuka.

Mama alikuwa amesimama ndani ya maji, khanga imelowa mpaka magotini. Hakunikimbilia. Alinitazama tu, kwa sababu aliachana na mtoto na sasa ameletewa mwanamume.

"Shikamoo, mama."

"Ni wewe uliyekuwa unaimba?"

"Ni mimi, mama."

"Nilisikia ukunguni," alisema. "Nikasema, mume wangu huyo anavuka. Nikashuka kumpokea." Akaweka kiganja chake kooni pangu, akakiacha pale. Ndipo tukalia, yeye na mimi, na sijui nani alimshika mwenzake.

Tuliimba katika lile kanisa lenye makuti mabichi mpaka mbuzi wa kijiji wakaja mlangoni. Ile ndoto haikunirudia tena. Na Krismasi ya mwaka ule ule, sikieni matendo ya Bwana, Mzee Selemani alimleta mama yangu upande huu. Alifumba macho njia nzima, lakini alikuja! Akakaa safu ya mbele kanisani Mtwara, akatusikiliza.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mwalimu Luka, na yule mzee aliyenishika mkono. Lakini sitaki mwondoke hapa mkidhani nilikuwa shujaa. Hofu yangu niliingia nayo majini. Nilitafuta miaka yote iniondoke nikiwa nimekaa nchi kavu, na haikuondoka. Bwana alikuwa ananingoja mbele kidogo, mahali penye kina.

Kwa hiyo wewe uliyekaa nyuma hapo, unayejua jambo unalolikimbia, nakuomba uje mbele tuombe pamoja. Usingoje miguu iache kutetemeka. Njoo nayo ikitetemeka hivyo hivyo.