Medali ya Papa na Wale Watano

Mlijuaje kwamba wamekufa? Swali hilo Papa, kama tulivyomwita baba yetu, aliwauliza wakubwa wa mgodi tarehe 4 Desemba 1979, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, papo hapo walipomaliza kumbandika medali ya ushujaa kifuani, na badala ya kumjibu, mkurugenzi aliashiria bendi ipige.

Baba yetu, marehemu Alain Kanyinda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 huko Jadotville, Kongo, ambayo leo ni Likasi, akasoma kwa mapadri, akapata nafasi ya kwenda kusoma Liège, Ubelgiji, akarudi mwaka 1966 akiwa mhandisi wa migodi, na tarehe 20 Julai 1968 akafunga ndoa na Mama Félicité, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Cédric na mimi Julienne ninayewasomea.

Tarehe 9 Agosti 1979 moto uliwaka chini mgodini, wakubwa wakaamuru njia ya hewa izibwe ili moto ufe, wakasema waliobaki kule wameshakufa, lakini Papa alikuwa anawasikia wakigonga mabomba, akashuka kwenye moshi ule ule, akatoka na watu kumi na saba, na alipotaka kurudi kuwafuata watano waliobaki, akakuta wameshaziba.

Kwa lile swali lake walimhamishia stoo, mhandisi mzima akawa anagawa makoleo, na mwaka 1993 tukafukuzwa Likasi eti sisi ni watu wa Kasai, wageni katika jimbo la Katanga, yeye aliyezaliwa pale pale. Tulifika Durban, hapa Afrika Kusini, mwaka 1995, diploma yake hakuna aliyetaka hata kuifungua, akalinda magari yaliyoegeshwa barabara ya Umbilo Road, na wenye magari hawakuwahi kumuuliza jina.

Kifua kilimsumbua tangu moshi ule, na kuanzia Februari mwaka huu, 1998, hakuweza tena kusimama, hospitali moja ikamrudisha nyumbani mara mbili kwa sababu ya karatasi ya ukimbizi, na tarehe 11 Juni akatuacha.

Jana Papa Dominiki, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliniambia niwaruke wale watano, akisema msiba si mdahalo wa kampasi, binti, soma ushujaa tu tulie vizuri. Ushujaa gani huo, ukishawatoa watu ambao marehemu mwenyewe hakuwasahau? Akiwa kitandani alimwambia Mama, sote tukisikia, msinizike na hicho chuma, nikikutana nao nitawaambia nini. Leo asubuhi nimekikuta kimebandikwa juu ya jeneza, eti picha zitapendeza zikifika Likasi.

Tunamshukuru daktari aliyempokea mwishoni bila kuuliza anatoka wapi, majirani wa ghorofa yetu, na Kaka Prodige pamoja na walinzi wenzake, waliomshikia nafasi yake barabarani hadi siku ya mwisho. Papa, pumzika sasa, umechoka vya kutosha.

Papa Dominiki, wewe ndiye uliye karibu na jeneza. Tafadhali ibandue hiyo medali, umpe Mama, ndipo tumbebe.