Majina Yanayopanda kwa Kidole

Mheshimiwa Diwani, Mganga Mfawidhi wa kliniki yetu ya macho, Sheikh na Mchungaji mliokaa bega kwa bega, Bwana Saud na mkeo, wazazi wa Zeyana, ndugu wageni waalikwa: nawasalimu kwa heshima zote, na naomba radhi kwa kuwachelewesha. Miwani yangu ilibaki nyumbani Mwera, ikabidi irudiwe.

Kwa miaka ishirini na sita nimeandika orodha ya wagonjwa wanaomsubiri daktari wa upasuaji kutoka Mombasa, ambaye huja siku moja tu kila mwezi. Mgonjwa mmoja akizidiwa na kupandishwa juu ya wengine, ukurasa mzima hunakiliwa upya. Marehemu mke wangu, Loveness, alikuwa akinisomea majina nami naandika. Alipofariki nilinakili peke yangu, na nilikosea.

Ndipo Zeyana akatutengenezea ukurasa wa mtandao. Unashika jina kwa kidole, unalivuta juu, mengine yanalipisha njia. Je, ilikuwa rahisi? Hata kidogo. Siku ya kwanza tulipanga vizuri, tulipofungua tena majina yamerudi yalikokuwa, kwa kuwa mpangilio mpya haukuhifadhiwa. Alipolirekebisha hilo, simu ya nesi Ruthi ikawa inasogeza ukurasa mzima badala ya jina. Zeyana akaweka vistari vidogo kando ya kila jina, pa kushikia.

Kosa la tatu, mniwie radhi, lilikuwa langu. Shule ya misheni ilinifundisha kwamba majina yasiyo na namba si orodha. Basi niliandika humo mtandaoni "19. Asheri", namba na jina pamoja. Asheri, mkulima wa machungwa wa Muheza, alikuwa na presha ya jicho, na jicho hilo lisingesubiri mwezi mwingine. Ruthi akamvuta hadi juu kabisa, lakini kumi na tisa yake ikapanda naye. Mlangoni wakaita namba moja, akaingia mwingine. Asheri akakaa kwenye benchi mpaka daktari akaanza kufunga mikoba yake.

Zeyana akaitazama simu. "Babu, hii kumi na tisa umeiandika wewe?"

"Mimi, mjukuu wangu. Orodha ni namba."

"Namba ni ya mahali, babu, si ya mtu. Uachie ukurasa uhesabu wenyewe. Utatupofushia watu kwa mwandiko mzuri."

Ruthi akatoka mbio kumzuia daktari. Asheri akaingia wa mwisho, na jicho likaokoka.

Alhamisi iliyopita tulibadilisha mpangilio mara kumi na moja, na hakuna aliyerukwa. Hata mimi, mwenye vidole vinavyotetemeka, Zeyana ameniwekea vishale vya kumpandisha mtu na kumshusha. Ndugu zangu, tumeshinda. Leo nalikabidhi daftari langu bila huzuni yoyote.

Nawashukuru kwa subira yenu na kwa kunitegea sikio. Daktari wetu hakuweza kufika, hivyo nimemwandikia barua ya shukrani yenye maneno haya haya. Kesho itavuka mpaka wa Horohoro mkononi mwa Asheri mwenyewe, anayekwenda Mombasa kupimwa tena, na ameniomba nisimtafutie mtu wa kumshika mkono.