Paketi Zilizonukia Udi

Mgeni rasmi, Bwana Hafiz Abdulla, kabla ya salamu, kitendawili: nimezaa wana elfu, na wote wanaitwa kwa jina la jirani. Hatukudai mji, baba. Jibu ni kiwanda hiki. Dawa tunatengeneza sisi, jina kwenye paketi ni la kampuni yako, na ndivyo mkataba unavyotaka.

KUKUKARIBISHA
Sisi wafanyakazi arubaini na mmoja wa Kiwanda cha Dawa Tulizo, hapa Ng'ambo, tunakwambia assalamu alaykum. Umetoka Dar es Salaam kuja kutuona kwa macho yako, na hilo limetupa moyo.

TULIKOTOKA
Tulianza mwaka 2008 katika nyumba ya kupanga Mkunazini, wanawake sita na mashine moja, tukifunga vidonge vya homa vya kampuni ya bara. Chokaa ya dari ikidondoka, tukitandika turubali. Wakaguzi wakasema dawa haitengenezwi pahala kama pale. Mwaka 2014 tukahamia hapa.

TULIYOYAFANYA
Leo tunatengeneza dawa za kampuni nne. Ule unga wa kuchanganya na maji, wanaopewa watu wanaoharisha, umepita mikononi mwetu. Mwaka wa mvua kubwa tulifanya zamu tatu, Ijumaa na Jumapili, hata mzigo wako mmoja haukuchelewa.

LILILOTUFIKA
Baada ya Idi iliyopita mkaguzi wetu, Bwana Jecha, alifungua paketi, akanusa. "Jamani, hii dawa ya kuharisha au ya fungate?" Tukacheka. Akafungua ya pili, ya tatu. Zote zanukia udi.

Unga ule hunyonya harufu, ndiyo maana manukato ni marufuku. Mtu aliingia na nguo iliyofukizwa udi. Paketi elfu sitini zikateketezwa, nawe ukausimamisha mkataba mpaka mkosa ajulikane.

Meneja akauliza, "Nani?" Macho yetu yakamwendea Wanu, biharusi wa wiki tatu.

"Wallahi si mimi, bibi zangu. Nguo zangu nshazivua mlangoni, Bi Salhiya kaniona."

"Mie sijaona kitu," akasema Bi Salhiya, mwenzetu wa zamu.

"Biharusi asonukia udi, wapi umemuona?" akadakia mwengine.

Wanu akaachishwa kazi siku ile. Wewe ukaturudishia mkataba, na sisi tukarudi mashineni.

MAOMBI
Tunaomba mashine ya pili ya kufungia, maana hii imechoka kama sisi. Tunaomba mafunzo kwa vijana. Lakini kubwa kuliko yote, tunaomba Wanu arudishwe. Yuko kwao Paje, kwenye kilimo cha mwani, na huko watoto wanamwita Bi Udi. Hakuwa na kosa.

Mwenyezi Mungu akurejeshe kwako salama, akubarikie kizazi chako, na kila anywaye dawa tuliyoifunga sisi apone.

Risala tumeiandika sote. Maneno haya ya mwisho ni yangu peke yangu, na wenzangu wanayasikia sasa hivi pamoja nawe. Asubuhi ulipofika tulikwambia Wanu hana kosa, nawe ukatuuliza, "Kama si huyo biharusi, nani?"

Siku tulipozifunga paketi zile, baridi ya kiyoyozi ilinishika magoti. Nikaibakisha kanga yangu ndani ya ovaroli, kanga niliyoifukiza udi kwa arubaini ya kuzaliwa mjukuu wangu.

Ni mimi, baba.

Bi Mashavu Shaame,
kwa niaba ya Wafanyakazi wa Kiwanda cha Dawa Tulizo, Unguja