Kama Huku Ndiko kwenye Nuru

Nje ya duka la Mado, kati ya Arlington na Mansfield huku ughaibuni, pana benchi ambalo mwenye jengo ametuambia mara kadhaa tuliondoe. Jumamosi alasiri, tukishaamka baada ya zamu za usiku, tunakaa hapo kunywa kahawa ya tangawizi na kubishana mambo yasiyotuhusu. Ndiyo raha ya nyumbani tuliyobaki nayo, na asiyeipenda apite zake. Siku hiyo alikuwepo Absalom, tunayemwita Mwalimu kwa sababu alifundisha fasihi Kakamega kabla hajaja kuogesha wazee huku; Kipngeno, nesi, tunayemwita Daktari ili afurahi; na Ushindi, Mkongomani anayefanya kazi ghalani, ambaye sauti yake imempa jina la Jenereta. Kesho yake Mwalimu angewafundisha watoto wetu Kiswahili kanisani DeSoto, na alikuwa ameamua kuwapa ushairi wa zama za kati.

— Washairi wa karne zile, Mwalimu alisema, iwe Ulaya iwe pwani yetu, vita vyao vilikuwa vimoja. Roho iko gizani, inajikokota kuelekea nuru. Giza ni dhambi, nuru ni wema.

— Hao walikosa vitamini D, alisema Kipngeno. Mtu asipoona jua miezi sita, lazima ajione mwenye dhambi.

— Walikosa stima tu, nikasema mimi. Wangekuwa na swichi ukutani, nusu ya mashairi hayo yasingeandikwa.

— Na nusu ya dhambi isingefanyika, Mado, Mkongomani mwenye duka, akadakia kutoka mlangoni. Kwetu courant ikikatika, njo bavulana banajua kuruka ukuta.

Tulicheka sote, isipokuwa Mwalimu.

— Mimi mashairi hayo niliyasoma kwa mwanga wa koroboi. Asubuhi unapenga kamasi nyeusi. Lakini ukiinua macho unamwona mama ng'ambo ya moto, amekaa tu, anakungoja umalize. Nai-miss hiyo, jameni.

Nilimkumbuka nyanya yangu.

— Sasa kesho utaambia batoto nini? Ushindi aliuliza.

— Nitawaambia mashairi hayo ni sisi. Tulitoka gizani, tukafika kwenye nuru. Wataelewa haraka.

Ushindi aliweka kikombe chini.

— Giza ni wapi, Mwalimu?

— Ni mfano tu, ndugu yangu.

— Mama yangu eko kule kwetu, Uvira. Huo mfano unamuweka wapi? Binti yangu Kethia amekwisha kukataa kuongea naye kwa simu, anasema kule ni giza, hakuna kitu. Alors kesho mwalimu wake anamuambia ni kweli, na tena bibi eko na dhambi?

— Sikusema dhambi.

— Ulisema, Kipngeno akamwambia. Sote tulisikia.

— Na ile usiku tulikimbia vita, Ushindi akaendelea, giza njo ilituficha. Mwezi ungetoka, hatungekuwa hapa tunakunywa kahawa.

— Basi giza ndilo wema, alisema Kipngeno. Mimi nimebandika karatasi ya foil dirishani nipate kulala mchana. Nanunua giza dukani. Na zile taa za ghalani kwenu hazizimwi hata Krismasi. Jehanamu itakuwa na taa kama zile, mniamini.

Hakuna aliyecheka. Loice, nesi aliyekuwa amefika wiki iliyotangulia kutoka Eldoret, alikuwa ametoka dukani na unga wake akasimama kutusikiliza.

— Mwalimu, niulize tu, alisema. Hao watu wa kwenye mashairi, wakishafika kwenye nuru, huwa wanarudi kuwaona waliobaki?

Mwalimu aliinua kikombe chake, akanywa. Kipngeno, ambaye hajawahi kukosa jibu, alitoa simu akajifanya anasoma ujumbe. Mimi nilisogea kumpisha Loice kwenye benchi.

— Kahawa imeisha, alisema Mado.

Akalibeba birika, bado lina kahawa, kurudi nalo ndani, kwa mikono miwili, taratibu, lisimwagike.