Mama Genoveva Lohay na Ukumbi Tuliougeuza Ghala

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Genoveva Lohay, Ofisa Utamaduni wa Halmashauri ya Mji wa Gidaharo, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Thelathini aliitumia kuusimamia Ukumbi wa Sanaa. Miwili ya mwisho ameitumia Idara ya Mifugo, kwenye meza ya vibali vya kusafirisha ng'ombe. Nitaeleza alifikaje huko, kwa kuwa yeye ameshasema kwamba leo hatahutubia.

Ni mzaliwa wa Nangwa, kwa wakulima wa ngano na maharage. Alipofika kwetu akitokea chuoni, ukumbi ulikuwa na jukwaa, viti vya mbao na popo wengi kuliko viti. Popo aliwafukuza kwa moshi wa pilipili. Wao wakahamia ofisi ya mapato, yeye akakohoa wiki nzima. Baada ya hapo kwaya za makanisa zilianza kushindana pale, watoto wa madrasa wakaimba kaswida, na wazee wakaja na slufay, sala ya Kiiraqw ambayo mmoja huomba na umati ukaitikia.

Mwaka mmoja wachezaji wa ngoma kutoka Yaeda Chini walikwama njiani kwa mvua, wakafika tamasha likiwa limekwisha jana yake. Mama Genoveva alichukua kipaza sauti akaingia sokoni. "Mtu aliyesukuma lori kwenye tope hawezi kuchezea viti vitupu," aliwaambia wauza viazi. Wakafunga meza zao, wakamfuata. Ukumbi ukajaa mpaka madirishani.

Kisha ukaja upungufu wa bajeti. Paa lilikuwa linavuja na umeme umekatwa, na kamati ya fedha ikataka ukumbi ufungwe. Mama Genoveva aliomba apewe mwaka mmoja. Jumamosi akakodisha kwa arusi, siku nyingine akawaachia wasanii. Wanakwaya walipanda juu wenyewe kuezeka, na Mzee Farouk wa duka la vifaa vya ujenzi akatoa misumari na rangi. Mwaka ulipoisha, ukumbi ulikuwa unajilipia umeme, maji na mlinzi.

"Mama, umetuokoa," alisema Mheshimiwa Ezekiel Bura, mwenyekiti wa kamati hiyo, mbele yetu sote. Tulipiga makofi.

Bajeti iliyofuata, kamati ileile ilifuta fungu lote la ukumbi, kwa hoja kwamba unajitegemea. Ikaagiza pia kila kinachopatikana pale kiingie kwenye akaunti kuu ya halmashauri. Mama Genoveva alisimama kikaoni.

"Mheshimiwa, mnamkamua ng'ombe, na majani mnamnyima."

"Utaratibu ni utaratibu, mama. Ukihitaji kitu, andika maombi."

Aliandika. Aliomba balbu, akaomba mlango wa choo, akaomba mshahara wa mlinzi. Maombi yalipokelewa vizuri sana, hayakurudi. Mlinzi akaacha kazi, nyaya zikaibwa, wenye arusi wakahamia hotelini.

Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuzizoa nyumba za Jorodom, Mama Genoveva aliwasha taa za kuazima, akaita kwaya zote na vijana wa kaswida. Kiingilio kilikuwa blanketi au debe la mahindi. Watu waliimba huku wanalia. Lori la misaada lilipoondoka kwenda Katesh, baadhi ya viongozi wetu walipanda juu yake kupigwa picha.

Miezi michache baadaye, kwenye kikao cha bajeti, tamasha hilo lilisomwa kati ya "matukio yasiyoingiza mapato". Ndilo lililotumika kuthibitisha kwamba ukumbi ni mzigo. Mama Genoveva aliuliza kama anaweza kujibu. Aliambiwa muda umekwisha. Ukumbi ulikodishwa uwe ghala la vitunguu saumu, naye akapewa barua ya uhamisho kwenda mifugo.

Mpangaji ni Tawakali, mfanyabiashara wa hapahapa, ambaye utotoni aliimba kaswida kwenye jukwaa lile. Alimfuata mama ofisini, hakutaka kukaa.

"Shikamoo mama. Nisingechukua mimi, angechukua mwingine."

"Marahaba, Tawakali. Sijakulaumu. Wewe umepanga, hukuuza."

Msimu wa kwanza Tawakali alijaza magunia chini tu, jukwaa akaliacha wazi. Mavuno ya pili yalikuwa makubwa.

Mwezi uliopita tuliomba sherehe hii ifanyikie ukumbini, angalau pale barazani. Tulijibiwa kwamba magari ya mzigo yasisumbuliwe. Ndiyo maana leo tuko hotelini, kwa gharama ya halmashauri, ambayo tumeambiwa haina fedha za balbu.

Wiki iliyopita Mama Genoveva alinitaka nimsindikize ukumbini kwa Tawakali. Alifunguliwa mlango, akapita katikati ya magunia mpaka lilipo jukwaa. Alipiga makofi mara moja, kwa nguvu, akainua uso kusikiliza. Sauti haikurudi, ilizama kwenye magunia. Nilidhani atalia. Alijifunga kanga vizuri.

"Fungua madirisha ya juu, Tawakali," alisema. "Bila hewa vitaoza."

Tukatoka.

Mama Genoveva, asante kwa kila Jumapili uliyotufungulia mlango. Asante kwa Jorodom, hata kama haikuingiza mapato. Rudi Nangwa salama, shamba likupokee, mvua ikukute umeshapanda, na wajukuu wakuimbie mpaka uwaambie imetosha. Tunakutakia maisha mema, mama. Ya kazini hatukukupa.

Oliva Amsi
Idara ya Maendeleo ya Jamii