Maiti ya Isinya na Magadi ya Misri

Benchi letu liko mbele ya duka la mabati, hapa Kitengela, na si benchi hasa, ni mbao mbili za fundi juu ya mawe. Mimi huuza kahawa hapo nikishaondoa watoto kwenda shule, na nimesikia upuzi wa kujaza tangi. Jana alikuja Kitheka, fundi wa stima, viatu vimejaa matope, akakaa bila salamu. Amenunua ploti Isinya, penye makaburi ya zamani ya wafanyakazi wa ranchi iliyofungwa kitambo. Munguti, mtu wake wa kuchimba choo, siku iliyotangulia alikuwa amefikia maiti. Si mifupa. Maiti yenye ngozi. Na Evalyne, mke wa Kitheka, ameapa hahamii huko mpaka ajue analala juu ya nani.

— Ngozi kabisa? akauliza Bedan, ambaye tunamwita Boksi kwa sababu hutengeneza majeneza.

— Munguti amesema ngozi iko, nywele ziko, blanketi iko.

— Hiyo ni dawa, akasema Katee. Huyo tunamwita Wodi kwa sababu alikuwa askari wa geti la mochari. Wanaingiza dawa hapa shingoni, akaendelea Wodi, damu inatoka. Mtu anaweza ngoja hata mwezi, wajomba wakimaliza kugombana.

— Ranchi ya zamani hiyo. Nani alikuwa na dawa? akauliza Boksi.

— Ngoja nikufunze. Hii maneno ilishika moto na vita ya Amerika, wao kwa wao. Mwanajeshi anakufa mbali, mama yake anamtaka nyumbani, treni iko na joto. Ndiyo wakaanza kupiga maiti sindano. Kwa hivyo huyo ni mwanajeshi.

— Wa Amerika? Isinya?

— Si treni ya Magadi hupitia Kajiado? Ilimwacha.

Boksi alicheka mpaka akamwaga kahawa yangu.

— Wodi, wewe ulikuwa unalinda geti, si akili. Wa kwanza ni Misri. Walikuwa wanatoa ubongo kwa pua na ndoano, halafu wanafunika mtu na chumvi akauke. Na hiyo chumvi ni nini?

— Ya mboga?

— Ni kama magadi! Hii ambayo mama anatia kwa githeri, maharagwe yaive. Sasa jiulize, magadi iko wapi? Si ni hapa chini, kwa ziwa la Magadi? Watu wa Misri walikuja huku kununua, mmoja akafa njiani, na wao wako na mzigo wa magadi. Wakamkausha nao. Wahenga walisema, chema chajiuza.

— Ero, kijana, na walipita kwa ng'ombe za nani? akauliza Lesiamon, Mmaasai muuza mbuzi, ambaye tunamwita Chairman ingawa hana kamati. Wazee wetu waone watu na punda na bandeji, wanyamaze?

— Basi ni wenu, akasema Boksi.

— Sisi kitambo hatukuwa tunazika. Mtu anapelekwa porini, fisi anajua kazi yake. Huyo ni wenu.

— Mkamba anarudishwa kwao, akasema Wodi.

— Na sisi kwetu ni Murang'a, akasema Boksi.

Kila mtu hapa Kitengela huzikwa kwingine.

— Mimi naona ni broka, Chairman akasema. Aliuza hiyo ploti mara nyingi mpaka mchanga ukakataa kumla.

— Nyinyi mnacheka, akasema Kitheka. Eva alikuwa ameshafunga sufuria kwa gunia. Jana amezitoa zote. Nichimbe pengine ama niite chifu?

— Haraka haraka haina baraka, akasema Boksi. Kwanza tumalize Misri.

Hapo boda boda ikasimama. Akashuka mama mzee mwenye sweta ya kijani na kiondo. Akasema anaitwa Nyawira, ametoka Matasia, amesikia habari sokoni.

— Ni nani amepata mtu Isinya?

— Ni mimi, cucu, akasema Kitheka.

— Ni mwanaume au mwanamke?

Boksi akamtazama Wodi. Wodi akatazama kikombe.

— Munguti hakusema, akasema Kitheka.

— Na wewe uliona nini?

— Sikuangalia. Nilifunika shimo na mabati, nimegeuza uso.

— Mpigie huyo Munguti.

— Alikimbilia kwao. Simu imezimwa.

Mama akaketi. Hakuwa na hasira.

— Mama yangu alikuwa anakamua kwa hiyo ranchi. Alikufa mimi nikiwa mgongoni. Hakukuwa na dawa ya kungojesha mtu, wala gari ya kumpeleka Nyeri. Alizikwa jioni hiyo hiyo, na blanketi yake nyekundu. Hakuna mtu amewahi kunionyesha mahali.

Akamgeukia Kitheka.

— Blanketi ni ya rangi gani?

Kitheka aliweka kikombe chini bila kumaliza, akainuka, akampa mkono.

— Twende, cucu. Nitatoa mabati mimi mwenyewe.

Walipoondoka Boksi akakohoa.

— Lakini hata huko Misri, nyekundu ilikuwa...

Nikamnyang'anya kikombe.